Saa nne kwa mwaka

Kila muhula ninapoanza somo la uuguzi wa watu wazima wenye maradhi ya kudumu, huandika neno moja ubaoni, sugu, kisha huwauliza wanafunzi linawaambia nini. Aliyezoea lugha ya hospitali hujibu haraka kwamba ni ugonjwa usiopona. Mwingine, ambaye pengine ametoka mafunzo kwa vitendo kwenye wodi ya kifua kikuu, hutaja usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Karibu kila mwaka hutokea mmoja, mara nyingi aliyelelewa na bibi yake, akakumbuka kwamba sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye nyayo, au kwenye paji la uso la mtu anayesujudu sana. Huyo namshukuru kuliko wote, kwa sababu maana yake tutaihitaji tukifika kwenye miguu.

Neno hilo nawakataza wanafunzi kulitumia mbele ya mgonjwa. Katika Kiswahili cha kila siku, aliye sugu ni aliyeshindikana: mwizi sugu, mdaiwa sugu. Mama aliyeambiwa leo kwamba ana ugonjwa sugu huondoka akiwa amesikia kwamba tiba imeshindwa hata kabla haijaanza, na akienda moja kwa moja kwa mganga sioni kwa nini tumlaumu. Chuoni kwetu tunasema maradhi ya kudumu, na huwaeleza wanafunzi kwamba huko kudumu kwenyewe kulipatikana kwa jasho. Kabla ya Januari 1922, kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na ugonjwa wa kuishi nao, bali alikonda akafa. Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyelazwa Toronto nchini Kanada, ndiye mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini, na tangu hapo kisukari hicho kikaanza kuwa cha miaka mingi. Hapa Tanzania, wauguzi wa rika langu tuliyaona mageuzi ya namna hiyo kwa macho yetu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, ambapo wodi tulizozoea kutolea maiti zilianza kutoa watu wanaorudi mashambani wakiwa na kadi za kliniki mifukoni. Kazi ya muuguzi ikabadilika papo hapo. Mazoea ya ufundishaji wetu yalichelewa sana kuifuata, na kwa maoni yangu bado hayajafika.

Kinachochelewesha ni kwamba mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kumfanyia mgonjwa. Humwogesha, humgeuza, humpa dawa kwa saa yake na kuweka saini, na hupimwa kwa wepesi na usafi wa mikono yake. Mafunzo hayo ni mema kwa mtu aliyelala kitandani siku tano. Mwaka, hata hivyo, una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayefika kliniki kila mwezi na kukaa na mhudumu dakika 20, ambazo ni nyingi mno kwa kliniki zetu, hukaa nasi dakika 240 kwa mwaka, yaani saa nne. Saa 8,756 zilizobaki anajiuguza mwenyewe, akiwa na jiko lake, kazi yake, wajukuu wake na majirani wenye ushauri mwingi. Mtaalamu Dorothea Orem wa Marekani aliijenga nadharia yake yote ya uuguzi juu ya mtu kujitunza mwenyewe, na wanafunzi wangu huweza kuitaja hata wakiamshwa usingizini. Ila wakiingia wodini humnyang'anya mgonjwa bomba la sindano ili kazi iishe upesi.

Hesabu ya saa nne niliipata kwa aibu. Nilipokuwa muuguzi kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, niliagana na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa ameanzishiwa insulini. Nilimweleza kwa ufasaha kabisa, kama kijitabu kilivyosema, kwamba insulini huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kila nilipomuuliza kama ameelewa aliitikia, "Ndiyo, sista," nami nikaweka alama ya vema kwenye fomu. Baada ya wiki tatu aliletwa akiwa amekauka ulimi, anahema kwa nguvu, sukari imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma. Nikamgombeza. Akaapa kwamba hakuacha kujidunga hata siku moja.

Binti yake ndiye aliyenieleza nje ya wodi. Nyumbani kwao hawakuwa na friji, na mama yake aliona haya kuniambia, kwa hiyo alikwenda kumwomba mwenye duka la soda amtunzie. Mwenye duka, kwa wema wake, akaiweka mahali penye baridi kuliko pote, kule anakogandishia barafu za kuuza. Kila alfajiri yule mama alipita dukani, akakichukua kichupa kikiwa kigumu kama jiwe, akakifumbata viganjani mpaka kikayeyuka, akajidunga, kisha akakirudisha. Alikuwa akilipia shilingi 200 kwa siku. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana kama ya jana. Yule mama alikuwa ametii kila neno langu, tena kwa gharama, na utiifu huo nusura umuue.

Kwa sababu hiyo, kipindi cha kuhifadhi insulini, ambacho kwenye mtaala ni mstari mmoja, mimi hukipa asubuhi nzima. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vina haki ya kukaa kwenye friji, mbali na sehemu inayogandisha. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje kwa takribani wiki nne, mahali pasipo na jua wala joto kali. Kwa pwani yetu, ambako Januari chumba cha bati huwaka kama tanuri, tunatengeneza mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, na vyote vikae penye upepo. Huwasimulia pia kwamba shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hili katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 walionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu kiasi cha kumdhuru mtumiaji. Mwanafunzi asiyejua hili atamwambia maskini anunue friji.

Nimepiga marufuku darasani swali la "Umeelewa?" Kwetu mtu akiulizwa hivyo na anayemheshimu hujibu ndiyo, kwani kusema hapana ni kama kumwambia mwalimu wake kwamba hajui kufundisha. Badala yake wanafunzi hujifunza kusema: "Mama, mimi ndiye niliyeeleza na huenda nimeruka kitu, hebu nionyeshe utakavyofanya kesho asubuhi." Kosa, kama lipo, limeshabebwa na muuguzi kabla halijaonekana. Kisha mwanafunzi akae kimya, mikono nyuma, atazame. Kukaa kimya ndiko kunakowashinda. Nimewaona vijana hodari, wanaoweza kutundika dripu kwenye mshipa usioonekana, wakitetemeka kwa hamu ya kumsaidia babu anayechukua dakika tatu kukizungusha kichupa cha insulini ya maziwa, ile nyeupe inayochanganywa taratibu bila kutikiswa, kati ya viganja vyake. Mwache akizungushe! Asipokizungusha mbele yako, hutajua kwamba nyumbani hukitikisa kama dawa ya kikohozi.

Lipo pia tatizo la lugha, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wanafunzi husoma kwa Kiingereza na kufanya mitihani kwa Kiingereza, halafu hutakiwa kumhudumia mtu kwa Kiswahili, na huko njiani mengi hudondoka. Niliwahi kumsikia msichana mwerevu sana akimwambia mzee anywe kidonge "saa nane," kwa kuwa kwenye chati iliandikwa 08:00. Mzee alikuwa tayari kukinywa baada ya chakula cha mchana. Bahasha za dawa nazo huandikwa 1×3 au 2×2, maandishi ambayo sisi tunayaona wazi kama mchana, lakini mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kuyasoma kama hesabu ya kuzidisha, akapata tatu, akazimeza zote tatu asubuhi ili asisumbuke tena. Siku hizi kila mwanafunzi huchora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi kwenye bahasha, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuona kwamba amedharauliwa kwa kuchorewa jua.

Zoezi wanalolikumbuka zaidi wanaomaliza chuo halimo kwenye mtaala. Huwagawia kila mmoja bahasha tatu za punje za karanga, bahasha moja ikiwa ya asubuhi na jioni, ya pili kabla ya kula, ya tatu wakati wa kulala, na huwataka wazitumie wiki mbili bila kukosa, huku wakiandika kwenye daftari. Karanga si chungu, hazileti kichefuchefu, hazinunuliwi, na hakuna jirani anayeziona akauliza una nini. Hata hivyo sijawahi kupata darasa ambalo wote wamemaliza bila kuruka. Siku ya kurudisha madaftari huwa kimya, halafu mmoja hukiri kwamba alijaza siku nne za mwisho akiwa nje ya mlango wangu. Hapo ndipo ninapowauliza watamwitaje mgonjwa aliyefanya vivyo hivyo kwenye kadi yake. Kabla ya zoezi walikuwa wakimwita mkaidi.

Tukifika kwenye miguu, huwarudisha ubaoni kwenye lile neno. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya miguuni, ganzi huingia, na mtu huanza kuikanyaga sehemu moja ya unyayo bila kujua. Ngozi ya hapo hujilinda kwa kuota sugu. Sugu nayo, kwa ugumu wake, huongeza mgandamizo juu ya nyama iliyo chini, mpaka siku moja kidonda hufunguka ndani kabla hakijaonekana nje. Kwa hiyo mwanafunzi anayeona sugu kwenye unyayo wenye ganzi awe ameona onyo.

Kuiona hiyo miguu, sasa, ni kazi nyingine. Binti wa miaka 20 anapomwambia mzee wa rika la babu yake avue viatu, pande zote mbili huingiwa na haya. Mzee ametembea kwenye vumbi, ametoka jasho, na katika maisha yake anayemshika miguu ni mkewe au mwanawe. Nimejifunza kuwaambia waanze na shikamoo, waombe ruhusa, kisha wapige magoti wao wenyewe na kuivua viatu miguu hiyo kwa mikono miwili, wakiwa na beseni la maji ya uvuguvugu waliyoyapima kwa kiwiko. Mara moja, tukiwa katika kliniki ya kijijini, mwanafunzi alimvua babu mmoja kiatu cha raba cha mguu wa kulia, na ndani yake ikadondoka kokoto yenye ukubwa wa punje ya harage. Babu akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa ameikanyaga tangu asubuhi, kilomita tano. Darasani nilikuwa nimeeleza ganzi kwa saa mbili, na nina hakika hakuna aliyeikumbuka ganzi ile kama walivyoikumbuka kokoto.

Ule uzi wa nailoni wa gramu 10 unaotumika kupimia hisia haupatikani katika zahanati nyingi. Kwa bahati kipo kipimo kisichohitaji kifaa, kilichopewa jina la mji wa Ipswich nchini Uingereza: mgonjwa hufumba macho, nawe humgusa kwa ncha ya kidole, taratibu, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho vya kila mguu. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake imo hatarini, na mazungumzo lazima yafike kwenye viatu, kwenye kukagua nyayo kila jioni, na kwenye kuacha kuota moto karibu na jiko la mkaa. Vidonda vibaya nilivyoviona vya kuungua vilitokana na mkaa au maji moto, na wenye navyo walilala usingizi mzuri usiku ule.

Kuhusu chakula sitasema mengi, maana kila mtu ana la kusema. Itoshe kwamba namkata alama mwanafunzi anayemkabidhi mgonjwa orodha ya matunda ya dukani, na ninachukizwa na ule ushauri uliosambaa kwamba ugali wa dona unaweza kuliwa bila kipimo kwa sababu ni wa watu wa kisukari. Dona ni bora kuliko sembe, ila wanga ni wanga, na mlima wa dona ni mlima.

Ramadhani inastahili maneno zaidi, kwa kuwa hapa Tanga hakuna muuguzi anayeweza kuikwepa. Wanafunzi wasio Waislamu hudhani kazi yao ni kukataza. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imeshampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na wagonjwa wanaijua kuliko sisi, ila wapo wengi ambao watafunga tu, na ukiwakataza kwa ukali watafunga bila kukuambia. Kwa hiyo tunaanza mwezi wa Shaabani. Tunauliza nani anakusudia kufunga, tunamrudisha kwa daktari ili dozi zipangwe upya kati ya futari na daku, hasa kwa wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, ambazo huishusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Tunawafundisha kupima, na tumeshamwalika sheikh darasani aliyeeleza kwamba tone la damu la kwenye kidole halifunguzi. Halafu tunakubaliana mipaka: sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipanda juu ya 16.6, saumu inafunguliwa hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana. Aliyeshukiwa na sukari na bado ana fahamu hupewa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Futari ya mihogo ya nazi ije baadaye, kwani mafuta huichelewesha sukari kufika kwenye damu.

Presha huwa na kipindi kifupi zaidi, lakini ndicho kinachowakera wanafunzi, maana hudhani wameshaijua. Mgonjwa amepanda ngazi, amebanwa na mkojo, ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, mkono unaning'inia, na mwanafunzi anamuuliza habari za watoto huku mashine ikijaza upepo. Kuzungumza peke yake kunaweza kuipandisha namba ya juu kwa kama 10, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza nyingine. Kwa namna hiyo mtu mzima huandikiwa dawa za maisha kutokana na gumzo. Dakika tano za kukaa kimya, miguu chini, mkono usawa wa moyo, ndipo upime, na upime tena.

Muhula humalizika kwa kuwatembelea wagonjwa nyumbani, na kwenye fomu ya ziara nimeongeza kipengele kimoja: "Mgonjwa amekufundisha nini?" Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikiacha kitupu, nikamrudishia fomu. Alikuwa amemtembelea bibi mmoja wa Muheza ambaye kisukari kimeshamfikia machoni, na kwenye ripoti aliandika kwamba bibi anajidunga vizuri bila msaada. Nikamuuliza anaionaje mistari ya bomba. Hakujua. Akapanda daladala siku iliyofuata, akaketi chini, akasema nionyeshe, bibi.

Bibi akatoa pakiti ya mabomba 100, na kila bomba lilikuwa na alama ya rangi ya kucha nyekundu kwenye mstari wa 18. Mjukuu wake alizipaka zote kabla ya kwenda shule ya bweni, kazi ya usiku mzima, ili bibi avute dawa mpaka kwenye wekundu na asimame hapo. Kliniki, hata hivyo, ilikuwa imempunguzia dozi hadi 14 miezi miwili nyuma, kwa kuwa sukari yake ilikuwa ikishuka usiku. Namba ilibadilika kwenye kadi. Wekundu ulibaki pale pale, na bibi aliendelea kuamka saa tisa usiku ametota jasho, akila kipande cha muhogo na kurudi kulala.

Tulikwenda pamoja wiki ile ile, tukiwa na dawa ya kufutia na kichupa cha rangi ya kucha ya bluu ambacho mwanafunzi alikitoa kwenye mkoba wake mwenyewe, akieleza kwamba alama mpya isifanane na ile ya zamani. Alifuta na kupaka bomba la kwanza, akampa bibi. Bibi akalisogeza mlangoni penye mwanga, akaligeuza, akalirudisha.

"Bluu siioni, mwanangu. Nitafutieni nyeusi."